Mjadala: Gharama za ushirikiano wa mpira asilia, abebe mgema (anayekinga utomvu wa mti) peke yake?

Mdau wa Njiro: Mkataba wa Kimataifa wa Mpira Asilia wa 1979 uliwaketisha wazalishaji na watumiaji pamoja. Ghala la akiba lilikuwa la tani 550,000, gharama nusu kwa nusu. Bei iliposhuka asilimia 15 chini ya bei ya rejea, yaani bei ya kipimo iliyokubaliwa, meneja wa ghala aliruhusiwa kununua ili kuipandisha. Ilipofika 20, ilimlazimu kununua. Ilipopanda vivyo hivyo, aliuza. Urudishwe. Mpira hugemwa baada ya miaka 6 au 7. Mkulima wa Muheza hawezi kung'oa miti kila bei ikiyumba.

Mdau wa Moshi: Ndugu, umeruka kilichouua. Bei ya rejea ilihesabiwa kwa senti za Malaysia na Singapore. Sarafu za Asia zilipoporomoka 1997, bei kwa dola ilianguka, lakini kwa senti hizo haikuonekana imeshuka vya kutosha, ghala likachelewa kununua. Malaysia na Thailand zikajitoa, mwaka 1999 mkataba ukavunjwa. Ukirudi na kipimo kilekile utakufa vilevile.

Fundi, Unga Limited: Mimi nasema tushirikiane kwenye ubora kwanza. Viwanda vya matairi vinanunua sana TSR 20, daraja la mpira mkavu uliopimwa ubora, uchafu usiozidi asilimia 0.16. Mchanga na magome huoshwa. Nyuzi za viroba vya plastiki haziondoki, na ndani ya tairi zinaacha sehemu dhaifu, kwa hiyo mpira wa vikombeni, yaani utomvu ulioganda kwenye vikombe vya kukingia, usibebwe kwenye viroba kabisa! Halafu asidi: utomvu ugandishwe kwa asidi ya fomiki iliyozimuliwa. Asidi ya salfuriki ni ya bei nafuu, lakini mabaki yake yanaufanya mpira uchakae upesi ukipata joto.

Mdau wa Njiro: Sawa fundi, na tofauti ya bei ya asidi analipa nani? Ndiyo hoja yangu. Sheria ya Ulaya ya 2023 inakataa mpira wa shamba lililofyekwa msituni baada ya 31 Desemba 2020. Shamba la zaidi ya hekta 4 linachorewa mipaka yote kwa GPS. Dogo, nukta moja inatosha. Kupima, kutunza kumbukumbu, kutenganisha mizigo, vyote vinafanyika huku shambani. Mwaka 1979 mnunuzi alitoa nusu yake.

Mdau wa Moshi: Nusu hiyo naiunga mkono, ikilipwa kwenye mizani kwa kilo ya mpira mkavu. Utomvu una takriban asilimia 30 tu ya mpira. Ukilipia uzito wote, unamlipa aliyeongeza maji.