Binti yangu hataki mchezo mwingine ila vinyoya (badminton). Huyu Anu Nieminen wa Finland alifika wapi?

MamaMwaloni
Habari zenu. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Binti yangu yuko kidato cha tatu na akili yake yote iko kwenye mpira wa vinyoya. Shuleni wanafunga kamba kati ya mwembe na goli, na upepo wa ziwa ukianza tu, mchezo umekwisha. Baba yake anasema huo ni mchezo wa Wachina, Mtanzania ataambulia nini? Juzi binti kanionyesha habari za mwanamke wa Finland, Anu Nieminen. Ananiambia, "Mama, na huyu kwao si China." Nikakosa jibu. Wenye kujua, alifika wapi? Alipata medali? Na mtoto wa Mwanza aanzie wapi? Nielezeni bila kunificha, maana ada na raketi vyote vinatoka kwenye dagaa haohao.

MwalimuButimba
Mama, pole na majukumu. Medali ya Olimpiki hakupata. Lakini alicheza Olimpiki nne: Sydney 2000, Athens 2004, Beijing 2008 na London 2012. London alikuwa na miaka 34, kwenye mchezo unaomaliza magoti ya watu wa miaka 25. Zamani aliitwa Anu Weckström. Nieminen ni jina la mumewe, Jarkko, mcheza tenisi aliyewahi kuwa wa 13 duniani.

Kinachonifanya nimheshimu zaidi ni hiki. Athens wanawake walikuwa wakicheza seti ya pointi 11, na aliyepata pointi ni yule anayeanzisha tu. Mwaka 2006 ikawa 21, na kila kinyoya kikianguka kuna pointi. Kosa ambalo zamani lilikunyang'anya zamu ya kuanzisha, sasa linampa mwenzako pointi papo hapo. Mtu aliyekulia sheria ya kwanza akajifunza upya ukubwani na bado akafuzu mara mbili zaidi, huyo amefika, mama. Mwambie na baba.

Nyakato_Juu
Mwalimu nakubali, ila tusimpe mama matumaini nusu. Finland baridi imewafanya watu wacheze ndani, kumbi zipo. Wana mashindano yao ya kimataifa pale Vantaa, karibu na Helsinki, na jirani zao wa Ulaya Kaskazini ni watu wa Denmark, wakali wa Ulaya nzima. Ndiyo maana Mfini mwingine, Kalle Koljonen, naye akapata shaba ya Ulaya mwaka 2021 kule Kyiv. Sisi mtoto anacheza chini ya mwembe. Asome kwanza, mchezo uwe wa jioni.

RaketiBukoba
Kaka Nyakato, asome, sawa, lakini jirani hata sisi tunao. Nafasi ya mchezaji duniani huhesabiwa kwa matokeo yake kumi bora ndani ya wiki 52, kwa hiyo kinachotafutwa ni mashindano mengi yaliyo karibu. Kampala wana mashindano ya kimataifa yanayotoa pointi hizo. Basi linapita kwetu Bukoba, unavuka Mutukula, umefika. Na Olimpiki kila bara lina nafasi yake kwa mchezaji mmojammoja, huku nchi kubwa zikizuiwa zisijaze orodha. Wapo Wachina wanaobaki nyumbani wakiwa wazuri kuliko wengi wa nchi nyingine wanaokwenda.

Jambo jingine dogo: Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kinyoya kinakimbia. Mnunulieni vya mwendo wa polepole. Vya plastiki ni sawa kwa kuanzia, vya manyoya ya bata vinakatika haraka na bei inauma.

MamaMwaloni
Mungu awabariki. Baba yake nimemsomea yote. Kwenye "Olimpiki nne" aliniambia nirudie. Mwalimu, huko Butimba mnacheza ndani? Msichana wa kidato cha tatu anaruhusiwa?

MwalimuButimba
Ndani, mama, tunaazima ukumbi Jumamosi asubuhi kabla ya shughuli za watu. Wasichana wapo, na mwalimu wa kike yupo. Aje na raba zenye soli isiyochora sakafu. Raketi usinunue kwanza, atatumia ya hapa hadi tuone mkono wake unataka nzito au nyepesi. Na wewe njoo siku hiyo ya kwanza, umwone anavyocheza pasipo upepo.