Kupima PFAS katika maji taka na tope lake: jibu la maabara linatosha?

Mkulima, Wakiso: Ndugu zangu, kikundi chetu hununua tope lililokaushwa la maji taka ili kurutubisha migomba. Tuliposikia kwamba kemikali za PFAS, ambazo hazivunjiki kwa urahisi udongoni, huweza kubaki humo, tulipeleka sampuli maabara, tukajibiwa kwa neno moja tu: “hazikuonekana”. Je, tulitegemee?

Mkemia, Kampala: Ndugu, msilitegemee mpaka mwandikiwe kiwango cha chini kabisa ambacho mashine yao inaweza kukitambua. Kemikali hizi huhesabiwa kwa nanogramu (sehemu moja ya bilioni ya gramu) katika gramu moja ya tope kavu, na maabara isiyofikia udogo huo itaandika “hazikuonekana” hata zikiwepo. Waulizeni kama wanafuata mbinu namba 1633 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, iliyokamilishwa Januari 2024, inayopima kemikali 40 za kundi hili katika maji taka, udongo na tope. Kabla ya kazi kuanza, sampuli hutiwa kipimo maalumu cha PFAS zenye isotopu nzito (atomi zenye uzito zaidi ya zile za kawaida), ili kinachopotea njiani kijulikane na kuhesabiwa. Swali jingine, ambalo wengi hulisahau: je, wanazitenganisha asidi za nyongo? Hizi hutoka kwenye kinyesi, na baadhi yake mashine huweza kuzidhania kuwa PFOS, mojawapo ya PFAS, tope likashutumiwa bure.

Mchukua sampuli, Entebbe: Naongeza kuhusu chupa, kwani kosa la shambani halirekebishiki maabara. Tumieni chupa za plastiki ya HDPE, kamwe si chombo chenye Teflon, na mzihifadhi kwenye baridi. Kwa maji taka, maabara itumie maji yote ya chupa na kuisuuza kwa methanoli (aina ya alkoholi), kwa sababu PFAS hung’ang’ania kutani. Anayemimina nusu tu hupata jibu pungufu. Tope lichotwe sehemu nyingi za rundo, kisha lichanganywe.

Mkulima, Wakiso: Asanteni sana. Kiwanda cha kusafisha maji taka kikipima maji yanayoingia peke yake, je, haitoshi?

Mkemia, Kampala: Haitoshi, ndugu. Zipo kemikali mama ambazo bakteria wa kiwandani huzigeuza kuwa PFOS na PFOA, nayo ni PFAS, kwa hiyo maji yanayotoka huweza kuwa nazo nyingi kuliko yaliyoingia. Yapimwe yanayoingia, yanayotoka na tope, katika kipindi kimoja. Kwetu Kampala jambo hili lina uzito wa pekee: mfereji wa Nakivubo, unaopokea maji taka ya jiji, humwaga maji yake katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, na sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya jiji huvutwa ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba.