Kompyuta nyingi, laini moja ya intaneti: tupeane uzoefu

Binti Kibokoni
Assalam alaykum jamaa. Jana usiku kumezuka ugomvi tena kwetu. Kaka yuwapakua mafaili, mdogo wangu ana darasa la mtandaoni, mama yuwazungumza kwa video na khalati aliyeko Muscat, na sote twategemea laini moja. Nyumba ni ya mawe, ya babu, Mji wa Kale. Ruta iko ukumbini chini. Ukipanda orofa ya pili hupati kitu. Nyinyi wenye kompyuta nyingi mmefanyaje? Semeni yaliyowakuta, si mawaidha matupu.

Fundi wa Tudor
Kuta hizo ni matumbawe na chokaa, nyingine zafika nusu mita. Waifai ya masafa ya 5 GHz haipenyi hapo, ya 2.4 GHz yapenya kwa taabu. Vuta waya. Cat6, waya wa mtandao wa kompyuta, yafika mita 100 bila tatizo. Weka swichi, kile kisanduku cha kugawa mtandao kwa waya, ya matundu manane karibu na ruta, kila chumba kipate waya wake.

Mama Nasra
Waya, waya! Watoto wa siku hizi wana simu, huo waya wauchomeka wapi?

Fundi wa Tudor
Bi mkubwa, mada ni kompyuta. Zikihamia kwenye waya, simu zabaki na waifai peke yake, nayo yapumua. Sikusema uizime.

Msomi wa Majengo
Umenikumbusha mtihani wangu wa chuo. Usiku wa kuamkia siku hiyo shemeji alileta ruta ya pili ili tupate intaneti hadi vyumba vya nyuma, akaichomeka kwenye ile ya kwanza, akalala. Saa tatu asubuhi nafungua kompyuta: yaniambia nimeunganishwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Ya kaka yafanya kazi. Ya dada yafanya kazi kidogo, kisha yakata. Nimezima, nimewasha, wapi! Saa ya mtihani yahesabu, jasho lanitoka, mama yuko mlangoni yuwanisomea dua, baba naye apiga simu kwa kampuni ya intaneti awatolee ukali. Mpaka akaja kijana wa jirani, akachomoa ile ruta mpya, na mtandao ukarudi palepale. Nilimaliza swali la mwisho mikono yatetemeka.

Kisa chenyewe: ruta zote mbili zilikuwa zikigawa anwani, zile namba za kutambulisha kila kompyuta kwenye mtandao, na zote zajiita 192.168.1.1. Kompyuta ikipata anwani kwa hii, nyingine kwa ile, vurugu. Dawa yake: ruta ya pili zima DHCP, yaani ule ugawaji wa anwani, ipe anwani 192.168.1.2, na waya uingie tundu la LAN, lile la kompyuta za nyumbani, si lile la intaneti. Tangu hapo twala raha.

Baharia Likoni
Hiyohiyo ilitukuta sisi. Wallahi, nyumba nzima ilinuniana.

Kisauni Kwetu
Nyinyi mwalia na anwani. Sisi ni ndugu wawili, nyumba mbili kiwanja kimoja, tukapitisha waya juu ya mapaa tugawane laini. Masika, alasiri, radi ikaupiga mnazi ulio katikati. Swichi ilitoa cheche, ukumbi ukajaa harufu ya plastiki. Ruta ilikufa, na kompyuta zote za kwenye waya zikafa matundu ya mtandao. Laptopu iliyokuwa kwenye waifai haikuguswa. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa ameketi palepale, ndiyo kwanza ameitwa kwenda kula.

Mama Nasra
Yarabi! Mtoto mzima?

Kisauni Kwetu
Mzima, alhamdulillahi. Mnazi ndio uliokauka.

Baharia Likoni
Mawingu yakitanda, chomoa kila kitu. Hata friji.

Msomi wa Majengo
Na mvua ikija usiku umelala, nani achomoe? Msiwatishe watu.

Fundi wa Tudor
Nyumba kwa nyumba usipitishe waya wa shaba. Tumia faiba. Ile ni kioo, yabeba mwanga, haibebi umeme wa radi. Kila upande waweka kigeuzi kimoja, cha kuugeuza mwanga uingie kwenye waya wa kawaida. SEACOM na TEAMS, zile nyaya kubwa za intaneti za baharini, zimetua hapa petu Mombasa tangu 2009, faiba zi chini ya bahari yetu, sisi twaogopa kuvuka ua?

Mama Nasra
Jirani yangu kaomba paswadi, nikampa. Sasa wanawe ndio wamalizao intaneti.

Baharia Likoni
Jirani hanyimwi.

Msomi wa Majengo
Hanyimwi maji. Paswadi ya wageni ipo kwenye ruta nyingi, mpe hiyo, muekee na kikomo cha kasi. Hapo hakuna wa kununa.

Kizingo Upepo Mwanana
Sisi tulio karibu na bahari, angalieni vichwa vya waya. Chumvi yavila, vyageuka kijani, kasi yashuka. Mimi nabadilisha vichwa kabla sijalaumu laini.

Binti Kibokoni
Ahsanteni. Baba amekataa ukuta utobolewe, kwa hiyo waya utapanda kwenye uwazi wa ngazi. Cat6 ya mita yapatikana Mwembe Tayari?

Fundi wa Tudor
Yapatikana. Uliza ya shaba tupu. Ukiikwangua kwa kisu ukaona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie mwenyewe.

Binti Kibokoni
Kaka ndiye atakayebeba kisu.