Naombeni ushauri: kurekodi trio ya piano laivu hapa Tabora, watu wawepo au tufunge mlango?

Kinanda_Tbr: Habari zenu wadau. Niko Tabora mjini, tuko watatu, mimi piano, mwenzangu gitaa la besi na mdogo wetu dramu. Tunapiga jazz Jumapili jioni kwenye ukumbi mdogo, wanaokuja ni wachache ila wanasikiliza kweli. Tunataka kurekodi, hela ya studio Dar hatuna na hata tungekuwa nayo mi naona muziki wetu unanoga palepale ukumbini. Nimeipenda sana ile rekodi ya trio ya Bill Evans (piano) na Scott LaFaro (besi) na Paul Motian (dramu), waliyorekodi laivu kwenye klabu ya jazz ya Village Vanguard, New York, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, yaani unasikia glasi zinagongana, watu wanapiga stori, na piano inaendelea taratibu humohumo, kwangu hakuna ya studio inayoifikia. Sasa wenzangu wanasema kelele zitatuharibia kazi, bora turekodi mchana ukumbi ukiwa mtupu. Tuna piano ya mbao ya kusimama, mixa na maiki nne. Mnatushaurije?

Fundi_Mitambo: Mkuu rekodini na watu. Ukumbi mtupu wenye sakafu ya sementi na bati juu unarudisha mwangwi balaa, dramu itakula piano yote, watu wakijaa miili na nguo zao zinameza sauti. Ongezeni mapazia mazito au mikeka ukutani nyuma ya dramu. Maiki mbili wekeni kwenye piano, fungueni mfuniko wa juu, moja upande wa noti nene na moja upande wa nyembamba, mbili zilizobaki zikae mbele ya bendi zichukue dramu na ukumbi. Besi ipitishe waya moja kwa moja kwenye mixa. Na huyo dogo apige brashi, fimbo aziache kwa nyimbo chache.

Mama_Ipuli: Mimi niko na hao wenzako kidogo. Glasi sawa, lakini siku hizi ni simu, mtu anaongea simu kwa sauti dakika nzima na hiyo huwezi kuitoa baadae. Waombeni watu mwanzoni kwa adabu wazime simu, Tabora watu ni wastaarabu watawaelewa.

Reli_ya_Kati: Kitu ambacho wengi hawakisemi kuhusu siku ile ya Vanguard ni kwamba walipiga awamu tano, mbili mchana tatu usiku, na nyimbo kadhaa walizirudia, kwahiyo produsa Orrin Keepnews alikuwa na pa kuchagulia. Nyie msitegemee mara moja tu, washeni mashine toka mwanzo mpaka mwisho na nyimbo muhimu mzirudie. Halafu umeme, hata kwao ulikatika wimbo wa kwanza ukiwa katikati, rekodi ina pengo mpaka leo. Tafuteni kinasa cha betri. Na msisubiri Novemba, mvua ikianza kupiga kwenye bati hamna mtakachosikia, fanyeni sasa hivi kiangazi.

Mzee_wa_Dansi: Vijana hongereni. Ila kwenye tangazo mwelezeni mtu anakuja kusikia nini, huku ukitaja jazz wazee tunawaza bendi ya Tabora Jazz ya kina Shem Karenga, magitaa na kucheza, nitakuja na mke wangu tumevaa viatu vya dansi tukute piano ya kukaa kimya.

Kinanda_Tbr: Shikamoo mzee, tumekusikia, njoo na mama hivyohivyo nafasi ya kucheza ipo. Fundi, swali, besi ikipita waya si itasikika kama iko chumba kingine? Mi nataka ijibizane na piano kama alivyokuwa anafanya LaFaro, yule hakai nyuma kushika mdundo tu, na inaniuma sana kwamba siku 11 baadae alikufa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25.

Fundi_Mitambo: Washa na spika yake ndogo jukwaani karibu na wewe, maiki za mbele zitaidaka, baadae unachanganya na ile ya waya. Kaeni karibukaribu muonane macho. Sauti kwenye kinasa isifike juu kabisa, acha kama desibeli 12 za nafasi, watu wakipiga makofi ghafla ndo hupasuka. Na piano ityuniwe siku hiyohiyo ikiwa imeshawekwa mahali pake, ukiityuni kwanza ndo uisukume kwenye sakafu mbovu umepoteza hela.