Mitungi ya kuzamia: alumini au chuma kwa maji ya chumvi?

Kasa_Unguja: Wakuu, kituo kinabadilisha mitungi. Alumini ya lita 11.1, presha ya bar 207, au chuma cha lita 12, bar 232? Kazi ni ya kila siku, baharini.

FundiHesi: Alumini, ila iwe ya aloi ya 6061-T6. Nchi kavu uzito haupishani sana, kilo 14 na ushee. Tofauti utaiona majini. Hewa iliyomo kwenye huo wa lita 11.1 ina karibu kilo 2.6. Ikiisha, mtungi huelea kwa takriban kilo 2, hivyo mgeni aongezewe vipande vya risasi vya uzito kiunoni tangu mwanzo. La sivyo, akisimama mita 5 kabla ya kutoka majini ataruka juu kama boya. Cha chuma hakina usumbufu huo.

Pweza: Chuma kina usumbufu wake. Tone la maji ya bahari likiingia ndani, kwa bar 200 oksijeni hushambulia haraka, na kutu hula oksijeni ya mzamiaji. Usiumalize mtungi hadi sifuri. Bakisha bar 20 au 30, uuhifadhi wima, kwa kuwa kitako ndicho kinene.

Kasa_Unguja: Nimepata ya mtumba ya alumini, imegongwa DOT-3AL, alama ya Marekani ya mitungi ya alumini. Rangi imebanduka, naweza kuipaka upya?

FundiHesi: Kwa brashi, sawa. Ya kuokwa kwenye tanuri, hapana kabisa! Aloi hii huchomwa karibu 530°C, ikazamishwa majini, kisha ikaivishwa karibu 175°C kwa saa kadhaa. Nguvu zake zote zinatoka hapo. Ukiupasha tena ovyo, aloi inalainika na jicho halioni kitu. Kanuni za Marekani zinataka mtungi wa 3AL uliopita 177°C uondolewe kazini.

Halafu 3AL haikuambii ni aloi gani. Soma tarehe ya jaribio la kwanza la maji. Luxfer wa Marekani, watengenezaji wa mitungi, waliacha aloi ya 6351 mwaka 1988, kwa sababu aloi hiyo hupata nyufa shingoni, kwenye hesi, kwa kukaa tu chini ya presha. Ya kabla ya hapo mimi sichukui hata bure.

Pweza: Na valvu usizichanganye. Ya M25x2 (hesi ya milimita 25) huingia kwenye shingo ya robo tatu inchi na kukaza kama inayofaa, lakini hesi zimeshikana kidogo mno. Hufyatuka wakati wa kujaza, mjazaji akiwa ameinama juu yake. Soma alama zote mbili, ya shingoni na ya kwenye valvu, kabla ya kufunga.