Mjadala: Soda na juisi za boksi ziondolewe kantini za shule za msingi?

Mwalimu wa afya: Ziondolewe. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kama gramu 50 kwa mtu mzima. Mtoto ni chini ya hapo. Chile ilikataza tangu 2016 kuuza shuleni vyakula vyenye alama nyeusi ya onyo, ile inayobandikwa kwenye pakiti yenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi; haikungoja watoto wachague wenyewe.

Mpishi wa kantini: Mwalimu, kwa soda tuko pamoja. Lakini wengi wataweka ukwaju mahali pake. Pimeni ndoo yake kwanza: kilo moja ya sukari kwenye lita 10 ni gramu 25 kwa kikombe cha robo lita. Soda ya kiasi hicho ina gramu 26 na ushee. Hapo kimebadilika jina tu!

Na kupunguza sukari peke yake ni kosa. Ukwaju mzito unatia meno ganzi, watoto wanaumwaga. Punguzeni vyote viwili: ukwaju nusu ya ule wa kawaida, sukari gramu 800 wiki ya kwanza, kisha 600, kisha 400. Ulimi huzoea kidogo kidogo. Ukiushtua Jumatatu moja, foleni inahamia getini kwa muuza barafu.

Mzazi, mjumbe wa kamati: Na maji je? Watoto 40, nusu lita kila mmoja, ni ndoo nzima ya lita 20 kwa darasa moja. Iwe na mfuniko na koki. Ile ya kuchota kwa kikombe kimoja, saa tano mikono yote imeshaingia, na mwenye shilingi mfukoni anakwenda kununua soda.

Mwandaa zabuni: Mzabuni anayelipa pango kubwa atauza kisichooza. Soda hukaa miezi. Tikiti lililokatwa saa nne, saa nane halifai. Pango lishuke, kwa sharti kwamba friji la kioo liweke maji peke yake, soda ikae nyuma. Matunda yaanze na ndizi: haitaki kisu wala sahani, na ikibaki leo kesho inauzika.

Mwalimu wa afya: Mama, hesabu ya ukwaju nimeipokea. Ila hiyo ya soda kukaa nyuma siikubali. Muhula haufiki katikati itakuwa imerudi mbele.