Blogu, video fupi au WhatsApp: mkulima atumie kipi kumwonyesha mlaji shamba lake?

Tetea300
Wadau, salaam. Nafuga kuku wa mayai, matetea mia tatu na ushei, na pembeni nina bustani ya mboga. Nauza moja kwa moja kwa walaji. Kinachonichosha si kazi ya banda, ni maswali yaleyale kila wiki: mbona kiini kimepauka? Mbona tre moja ina mayai meupe na ya kahawia, unatuchanganyia? Mbona yamepungua? Juma lililopita swali la kiini nimelijibu mara kumi na moja kwenye simu, kwa kidole kimoja, kingine kimechanwa na waya wa banda.

Nataka pahali pamoja ambapo mtu ataona shamba linavyokwenda, siku nzuri na mbaya. Nimebakiza tatu: blogu, video fupi au kundi la WhatsApp. Muda wangu ni saa mbili kwa wiki, usiku, macho mekundu. Waliojaribu waseme, wenye nadharia wapumzike kwanza.

MamaNdama
Nina blogu ya ng'ombe wangu wa maziwa, mwaka wa sita huu. Nisikudanganye: miezi minane ya mwanzo wasomaji walikuwa mimi, mdogo wangu, na mtu aliyekuwa akitangaza viatu kwenye maoni. Faida imekuja baadaye. Niliandika mara moja tu kwa nini ng'ombe akizaa siuzi maziwa ya siku za kwanza: ile ni dang'a, ni haki ya ndama, na anatakiwa aipate saa za mwanzo kabisa kwa sababu kinga yake ya awali inatoka humo. Mpaka leo mtu akiuliza namtumia linki, narudi kukamua. Andiko la miaka mitano iliyopita bado linafanya kazi na halili pumba.

FundiKamera
Mama, heshima yako, lakini mtu wa leo anaamini macho. Mimi nilimulika mayai gizani kwa tochi ya simu, sekunde ishirini tu. Watu wakaona mfuko wa hewa ulivyo mdogo kwenye yai la leo na ulivyopanuka kwenye yai la wiki tatu. Kurasa mbili za maelezo zisingefika hapo. Ubaya wake niuseme mwenyewe: sekunde ishirini zile zilinila jioni nzima. Na video yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ya trekta limenasa kwenye tope. Watazamaji maelfu, lakini walio karibu kiasi cha kununua hata tre moja hawakuzidi wawili.

MrinaAsali
Mauzo yako WhatsApp, tusizungushane. Ila usifungue kundi. Kwenye kundi kila mtu anaona namba ya mwenzake. Langu liliishia "habari za asubuhi" mia moja, halafu mtu akaanza kuwauzia wateja wangu magodoro. Tumia orodha ya matangazo: unaandika mara moja, kila mmoja anapokea kama ujumbe wake binafsi. Kikomo ni watu 256 kwa orodha, na ambaye hajahifadhi namba yako haumfikii. Status nayo hupotea baada ya saa 24, ndiyo maana kila kipindi cha baridi naanza upya kueleza kwamba asali kuganda si sukari niliyoongeza.

MlajiMbishi
Nachangia kama mnunuzi, sina hata kuku mmoja. Na mimi niliwahi kukimbia kundi la mkulima kwa sababu ya magodoro (labda ni muuzaji yuleyule). Video ndefu zinanimalizia bando. Blogu siifungui kila siku, tuwe wakweli. Naifungua nikiwa na wasiwasi: nimepasua yai nimeona doa la damu, saa moja usiku, watoto wanasubiri. Hapo nataka jibu, na nalitaka kutoka kwa yule aliyeniuzia.

DktMifugo
Doa la damu ni mshipa mdogo uliopasuka yai likitengenezwa. Litoe kwa ncha ya kisu, pika. Tetea300, hilo nalo liwe andiko.

Wengine watakwambia dawa ni kuwaalika watu shambani. Ni kweli hakuna kinachoshinda pua ya mtu mwenyewe, lakini viatu na magurudumu huleta ugonjwa wa mdondo bandani. Ukialika, waishie nje ya wavu. Halafu usijipe sifa zisizo zako. Kiini cha njano kali ni rangi iliyotoka kwenye chakula, rangi ya ganda ni mbegu ya kuku, na hakuna kati ya hizo inayoligeuza yai kuwa dawa. Na ule mstari wa "kuku wetu hawapewi homoni" uache. Kuku wa biashara hukua haraka kwa mbegu na chakula. Ukiandika hivyo unawachafulia majirani jina kwa kosa ambalo halipo.

Tetea300
Asante Dokta. Sasa swali lililonileta hasa: mabaya nayaonyesha? Mwezi uliopita kuku walidonoana, nikazika kumi na wawili asubuhi moja.

FundiKamera
Kwenye video, hapana. Mtu atakata sekunde nne za kuku wenye damu, ataziweka kwake na maneno yake, na maelezo yako utabaki nayo mwenyewe.

MamaNdama
Hapo namuunga mkono Fundi, na hapo ndipo maandishi yanapojilipa. Niliandika kuhusu kumtenga ndama na mama yake. Sikuficha kitu: siku ninayomtoa, anakonyweshwa, na kwamba mama hulia siku mbili na mimi humsikia kutoka jikoni. Wageni walinishukia kwenye maoni, wengine hawajawahi kukanyaga zizi. Nilifunga maoni wiki nzima. Wateja wawili waliondoka na sikuwalaumu, mmoja aliniaga kwa adabu sana. Nikaandika la pili, nikaeleza nilichobadilisha (ndama sasa wanalala wawili wawili), nisichobadilisha, na sababu yake. La kwanza sijalifuta.

Siku nyingine nilipiga picha ndoo ya maziwa nikiimwaga, ng'ombe alikuwa ametibiwa ugonjwa wa kiwele na siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa, zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, zilikuwa hazijaisha. Picha hiyo wateja wananikumbusha mpaka leo.

MlajiMbishi
Mama, lile la ndama nililisoma. Nusura niwe wa tatu kuondoka. Sentensi ya jikoni ndiyo iliyonibakisha. Mtu wa kunidanganya asingeiandika.

MrinaAsali
Ila mnaoisifu blogu kama kiwanja chenye hati, angalieni. Blogu ya bure nayo ni nyumba ya kupanga. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa mwaka 2019, na waliokuwa wameweka maandishi yao yote humo ikabidi wahamishe virago. Lipia jina lako mwenyewe la tovuti, na kila andiko weka nakala pembeni.

DktMifugo
Na kamera ya simu izimwe kipengele cha mahali kabla hujapiga. Picha hubeba ramani ndani yake, na wezi wa mifugo nao wanajua kusoma.

Tetea300
Nimeamua. Kwanza maandiko matano ya maswali matano, kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba nina blogu. Kisha kila Jumapili usiku ujumbe mmoja wenye linki kwa orodha, sio kundi. Video ni moja tu, ya tochi, Fundi nitakuibia. Kuku kumi na wawili nitawaandika, sitawarekodi. La kwanza linaanza hivi, lipasueni:

"Mahindi ya njano yaliisha, nikanunua meupe. Majani nayo yamekauka, kwa hiyo kuku wamepungukiwa na karotenoidi ambazo ndizo hukipa kiini rangi yake. Mayai ya wiki hii yatakuwa na kiini cheupecheupe. Ladha sijaona tofauti, nimekula mawili leo asubuhi."

MlajiMbishi
Sentensi ya kwanza umenishika, ya pili umenipoteza. Toa karotenoidi. Na hayo mawili yako wapi? Weka picha yakiwa kwenye sahani.

Tetea300
Nimeshayala, mkuu. Kesho.